Nusu Nyingine ya Kimanzi

Mume wangu Kimanzi hakusoma zaidi ya darasa la saba, lakini katika vyumba vya upasuaji vya jiji hili kuna madaktari wasiopungua kumi waliofundishwa naye mahali pa kushika koo. Sisemi haya kumsifu. Kujisifu anajifanyia mwenyewe kila siku kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, na sauti yake hufika mpaka upande wa wasusi. Nasema kwa sababu mwaka jana nilikaribia kumuua kwa supu, na nimeona heri nieleze mwenyewe kabla Jacklyne msusi hajaeleza kwa njia yake.

Tuko Kenyatta Market, kwenye safu ya vibanda vya nyama. Yeye yuko kwenye kisu na moto, mimi niko kwenye sufuria. Watu wa mchana huja kwa mbavu na kachumbari, lakini watu wa asubuhi ni wangu, nao huja kwa supu ya kichwa cha mbuzi. Ni wauguzi wanaotoka zamu, madereva, makarani wa ofisi za Hurlingham na tai zao, na wale wa Jumatatu ambao sitauliza Jumapili walikuwa wapi. Kikombe kimoja, chumvi, pilipili, ndimu kidogo, na mtu anarudi kuwa mtu.

Nilikutana na Kimanzi nikiwa mfanyakazi wa nyumba Kileleshwa. Mama mwenye nyumba alinituma nyama isiyo na mfupa. Kimanzi akakata, akapima, akanitazama, kisha akatia mfupa mkubwa juu yake. Nikamwambia nimesema bila mfupa. Akasema, "Hiyo nyama ni ya mdosi wako. Mfupa ni yako." Nilipofika nyumbani niligombezwa, na Jumamosi iliyofuata nikarudi kumgombeza yeye. Huu ni mwaka wa ishirini na tatu, na bado namgombeza. Tumepata watoto watatu, mkubwa ni Musili, ndiyo maana sokoni hakuna anayeniita Kavutha. Mimi ni Mama Musili mpaka kwa paka.

Sasa kuna jambo la kichwa cha mbuzi ambalo wanaokula hawalijui. Mchinjaji hupitisha kisu chini kidogo ya koromeo, lile gegedu gumu linalopanda na kushuka mtu akimeza. Kwa hiyo kichwa kikija kwetu, koromeo huja nacho, pamoja na pete mbili tatu za bomba la hewa. Kwenye supu halina kazi, maana halitafuniki. Kimanzi alikuwa akilitoa na kuwatupia paka, na paka wetu walikuwa wanene kuliko baadhi ya wateja.

Alhamisi moja, yapata miaka miwili sasa, msichana mwembamba mwenye miwani na begi mgongoni alisimama mbele ya meza.

"Sasa, baba. Mnauzanga koo?"

"Koo ya nini?" Kimanzi akamuuliza. "Unataka kuimba?"

"Mimi ni daktari. Nasomea usingizi."

"Kumbe usingizi husomewa? Mimi yangu nilipewa bure."

Msichana akacheka, na kucheka kwake kukanifanya nimwekee kiti. Jina lake lilikuwa Mwelu, wa kwao Makueni, na alikuwa anasoma awe daktari wa usingizi, yule anayemlaza mgonjwa wakati wa upasuaji, akalinda pumzi yake, kisha akamwamsha. Alitueleza kwamba mara chache, chache sana, njia ya hewa ya mgonjwa hujifunga, na bomba la kupumulia halipiti mdomoni. Hapo daktari ana dakika za kuhesabu kwa vidole, na lazima afungue tundu dogo mbele ya shingo. Kazi hiyo, alisema, huwezi kuanza kujifunzia kwa binadamu.

Kimanzi akamtolea makoromeo manne, akayaosha, akamwekea mezani. Mwelu akatoa kitabu chenye picha za rangi, akawa anatazama kitabu, anatazama koromeo, anatazama kitabu. Kimanzi alivumilia kama dakika mbili. Uvumilivu wake wote huwa ni huo.

"Wee msichana. Hiyo kitu unaitafuta na macho?"

"Nataka kuona penye nitakata."

"Hiyo picha ni safi sana. Koo ya ukweli iko na damu, iko na mafuta, iko na makamasi. Hutaona kitu. Ebu lete kidole." Akamshika kidole cha shahada, akakitembeza juu ya gegedu kubwa, kikashuka, kikazama kidogo kabla ya kugonga pete iliyo chini. "Hapo. Umesikia hiyo shimo? Kidole kwanza, kisu baadaye. Kisu haina macho."

Mwelu akafumba macho, akarudia mwenyewe. Mara ya tatu akapata, akatabasamu peke yake. Halafu akakata, na alikata vizuri.

Alhamisi iliyofuata alikuja na wenzake wawili. Kufikia mwisho wa mwezi walikuwa sita, wamevaa glavu, wamejazana nyuma ya kibanda, na Kimanzi katikati yao akiwakaripia. Wakampa jina la Prof. Wakimaliza, wananawa, wanakunywa supu yangu. Paka wakakonda, na mume wangu akavimba kichwa.

Hapo ndipo shida yangu ilipoanza, kwa sababu kila walichomweleza wao alikigeuza somo kwa wateja. Mtu akipaliwa na pilipili, badala ya kumpa maji, Kimanzi anampa mhadhara. "Shingoni iko barabara mbili," anamwambia mtu ambaye macho yanamtoka. "Ya hewa iko mbele, ya chakula iko nyuma. Katikati iko soja anaitwa kidaka tonge. Ukimeza, soja anafunga geti ya hewa. Wewe umeongea ukimeza, soja akachanganyikiwa." Mteja anakohoa, wengine wanacheka, na mimi ndiye ninayekimbilia jagi.

Na alipenda zaidi sehemu ya upasuaji, ambayo Mwelu alimfundisha kwa subira kubwa. Mtu akilala usingizi wa kawaida, soja halali. Hata mate yakiteremka vibaya, atakukohoza mpaka uamke. Lakini usingizi wa dawa humlaza soja pia. Kilicho tumboni kikipanda, hakuna wa kukizuia, kinaingia barabara ya hewa mpaka mapafuni. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa asile. Kimanzi alilishika hilo kama amri ya kumi na moja. Mtu akitaja tu hospitali, anamnyoshea kisu: "Usile! Umeskia? Ukienda operesheni, usile!"

Kumbukeni hilo neno, kwa maana ndilo lililotuponza.

Sasa, mwalimu wa koo naye alikuwa na koo. Ilikuwa mwezi wa sita, Alhamisi, Kimanzi anaeleza jambo huku ameinua kidevu, na Mwelu akaacha kutazama mbuzi akamtazama yeye.

"Prof, ebu meza mate."

"Nimeze mate kwa nini?"

"Meza tu."

Akameza. Chini ya koromeo lake, kitu kikubwa kama limau kilipanda, kisha kikashuka. Vijana wote sita walikiona. Mimi nilikiona pia, na niliona aibu mpaka masikioni, kwa sababu nilikuwa nalala kando yake. Nilijua amezidi kukoroma. Nilijua siku hizi analalia mito mitatu kama bwana mkubwa. Nilikuwa nikimwambia ni mafuta ya mbavu, apunguze.

Vipimo vilisema ni rovu, ile tezi ya shingoni imevimba, na imeanza kulibana bomba la hewa kutoka upande. Daktari mpasuaji alisema itolewe. Kimanzi alisema asante, akavaa kofia yake, akarudi kuchoma nyama. Miezi saba alikataa. Nilimsihi, nikamnunia, nikamletea mchungaji. Alimchomea mchungaji mbavu, mchungaji akaenda zake ameshiba.

Sababu usiku hakuniambia, mchana hakuniambia. Alimwambia Jacklyne, nami nikasikia kwa Jacklyne, jambo ambalo bado sijamsamehe. Alikuwa anaogopa neno. Zamani baba yake aliposimulia habari za mtu kulazwa na madaktari, alisema amepigwa nusu kaputi, na Kimanzi alikua na neno hilo.

"Nusu kaputi," alimwambia Jacklyne. "Nusu ni nusu. Umekufa nusu. Sasa hiyo nusu ingine inabaki, nani anashika? Na mimi, Jacky, maisha yangu yote nimekuwa upande ya kisu. Najua venye mbuzi hulala."

Mwezi wa pili, siku ya mvua ya ghafla, alikuwa anaita wateja kama kawaida yake. "Karibu mbavu! Karibu mbavu la—" na sauti ikakatika. Akakaa juu ya gunia la makaa, mdomo wazi, na pumzi yake ikawa inapiga mluzi. Ilipita baada ya dakika chache. Nilikuwa nimemshika mkono na sikumwachia hata ilipopita. Sijawahi kuogopa hivyo maishani mwangu, hata nikijifungua. Jioni hiyo aliniambia, "Sawa, Mama Musili. Waambie nitaenda. Lakini ni mara moja tu. Nikirudishwa, sirudi tena."

Tukapewa Jumanne, katika hospitali moja upande wa Hurlingham. Karatasi waliyotupa ilisema asile chochote kuanzia saa sita usiku. Mimi ndiye niliyemsomea, mara mbili, naye akanikatiza kuniambia kwamba yeye ndiye anayefundisha hayo.

Na hakula. Mungu ni shahidi. Saa kumi na moja alfajiri niliamka, nikamnyima chai, kwa kuwa kwetu mtu akisema amekunywa chai ujue amekunywa na mkate nusu. Nikamficha viazi vitamu. Lakini alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na shati lake la kanisani, mikono katikati ya magoti, mdogo kuliko alivyo. Roho yangu ikaniuma. Nikapasha moto supu ya jana, nikamwambia, "Kunywa upate nguvu." Akanywa. Sikufikiri mara mbili, naye hakufikiri mara moja. Chakula ni ugali. Chakula ni wali, githeri, chapati. Supu hunywewa.

Hospitalini muuguzi alimuuliza, "Mzee, umekula?" Kimanzi akajibu, "Sijala." Akaandika. Kisha akaja Daktari Prabha, mwalimu wao akina Mwelu, mama mwenye mvi na kitambaa cha maua kichwani, ambaye Kiswahili chake ni kifupi na hakina mchezo. "Umekula kitu leo?" "Sijala kitu yoyote, daktari." Akaandika. Nami nimekaa pale nimeipakata mikono, najisikia mke mwema.

Ndipo Mwelu akaingia, amevaa nguo za kijani, kofia imemfunika mpaka nyusi. Hakuuliza swali la hospitali. Alisimama kando ya kitanda kama anavyosimama mbele ya meza yetu, akasema:

"Niaje Prof. Supu ya leo iko aje?"

Na Kimanzi, ambaye kwa miaka ishirini na mitatu hajawahi kuulizwa swali hilo akalijibu kwa unyonge, akainuka kwenye mto.

"Ya leo ni moto! Imekaa kwa jiko tangu jana, mafuta imeelea juu namna hii. Nimeionja mwenyewe, kikombe moja safi!"

Mwelu akafumba macho kidogo. Daktari Prabha akaweka kalamu chini.

"Wewe umesema hujakula."

"Sijala, daktari."

"Na supu?"

"Supu nimekunywa." Alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemweleza mgeni desturi za mahali. "Supu si ya kula, daktari. Supu ni ya kunywa."

Bado alikuwa hajaelewa, lakini mimi nilikuwa nimeelewa. Soja amelala, geti liko wazi, na tumboni kuna nini? Niliyemtilia ni mimi. Daktari Prabha akawa anamuuliza saa ngapi, na hicho kikombe ni kikubwa kiasi gani, na nikaona Kimanzi anapima kwa mikono, na mikono inakaribiana. Alikuwa anaogopa kurudishwa, kwa sababu alijijua kwamba hatarudi. Mimi nilijua hivyo pia. Nikinyamaza, huenda wakangoja saa chache wamfanyie leo leo. Nikisema, namrudisha nyumbani na rovu lake, na ule mluzi.

Nilinyamaza kiasi cha kuvuta pumzi mbili. Ninaona haya kwa zile mbili.

"Vikombe vitatu," nikasema. "Saa kumi na moja na nusu. Na kipande cha ulimi."

"Mama Musili!"

"Na kipande cha ulimi, Baba Musili, na ulirudia."

Daktari Prabha hakutugombeza, na ningependa angegombeza. Alisema supu yenye mafuta hukaa tumboni kama mgeni asiyejua kuaga, na ulimi hukaa zaidi, na kwa koo lililobanwa kama lile hataki hata tone. "Leo hapana. Jumanne ijayo." Kisha akamgeukia Mwelu. "Hilo swali umelitoa kitabu gani?"

"Sokoni, daktari," akasema Mwelu.

Tulirudi kwa miguu kando ya barabara ya Argwings Kodhek, Kimanzi mbele, mimi nyuma na kipochi changu. Alipofika kona ya soko akasema bila kugeuka, "Mungu ametumia supu kuniokoa. Mambo imeisha hapo." Nilimwambia Mungu hana mkono katika sufuria yangu. Jumatano alichoma nyama bila kuita wateja, na kila alipovuta pumzi ndefu nilisikia.

Alhamisi Mwelu alikuja peke yake. Alikuwa ametoka zamu, macho mekundu. Hakutoa glavu wala kitabu. Akaketi kwenye kiti chake, akakataa supu, nikajua ni mambo makubwa.

"Prof, Jacky ameniambia kuhusu nusu."

"Jacky ana mdomo."

"Unataka kujua nani anashika hiyo nusu ingine?"

Kimanzi akaendelea kunoa kisu. Mwelu akangoja mpaka kiliponyamaza.

"Ukilala, kuna kazi zako unaacha. Kupumua unaacha. Kumeza unaacha. Soja analala. Hizo kazi zote nafanya mimi. Hewa nakupatia mimi. Moyo naisikiza, presha naangalia, kila dakika. Siendi chai, sishiki simu, sitoki kwa kichwa yako mpaka uamke. Daktari Prabha ako nyuma yangu, lakini mkono ni yangu. Hiyo nusu ingine ni mimi nashika."

"Na ukiangusha?"

Nilidhani atacheka, kama anavyocheka. Hakucheka.

"Ndio maana nilikuwa nakuja hapa kila Alhamisi," akasema.

Mume wangu akaweka kisu mezani. Akakaa kwenye gunia lake la makaa, akafungua kifungo cha juu cha shati, akainua kidevu. Nimeishi naye miaka yote hiyo na sijapata kumwona akimfanyia mtu hivyo. "Basi tafuta," akamwambia. "Bila kitabu."

Mwelu akanawa mikono. Akafumba macho, akaweka kidole juu ya shingo ya Kimanzi. Kidole kikashuka polepole juu ya gegedu, kikasita. Rovu lilikuwa limesukuma kila kitu. Kikarudi juu, kikaanza upya, safari hii kikiegemea kando. Niliacha kukoroga. Wateja wawili waliokuwa wanadai pilipili waliisahau.

"Nimepata," akasema. "Imeenda kushoto kidogo."

Kimanzi akaleta kidole chake mwenyewe, akakiweka kando ya chake, akapima. Alipima kwa muda mrefu. "Ni hapo," akasema. Kisha akafunga kifungo. "Kumbe sikupoteza makoo yangu bure."

Jumatatu saa kumi jioni, watu wakiwa bado wamejaa, Kimanzi alichukua sufuria yangu kubwa, akaimwaga, akaiosha, akaigeuza juu chini mbele ya kibanda. Akapanda kwenye kreti ya soda na kutangaza kwa sauti iliyobaki kwamba kesho hakuna supu Kenyatta Market, atakayemwona Mama Musili na kikombe ampigie kelele za mwizi. Watu walipiga makofi. Mimi nilimpigia mwiko, lakini polepole.

Asubuhi tulipofika hospitalini, Daktari Prabha alinikuta mlangoni. "Mama, fungua hiyo kipochi." Nikafungua. Kulikuwa na leso, Biblia na kitambulisho. Akachungulia mpaka chini, akanipisha. Na kitandani hakuuliza tena kama amekula. Alisema, "Tangu jana jioni, ni nini imepita hapa mdomoni?"

"Mate yangu, daktari," Kimanzi akajibu. "Na maombi ya huyu mama, lakini hiyo imetoka, haikuingia."

Wakamsukuma kwenye kitanda cha magurudumu. Mwelu alikuwa upande wa kichwa. Mlango ulipofunguka nilimwona anamwinamia, na kidole chake kikienda shingoni, polepole, kushoto kidogo. Kisha mlango ukajifunga.

Nilikaa kwenye benchi saa tatu na dakika ishirini. Nilijaribu kusali nikajikuta nagombana. Nilimwambia Mungu kwamba kama ni kosa, mwenye kosa nipo hapa nje, na yule mle ndani ni mlevi wa maneno tu, hajamkosea mtu. Nilikumbuka ule mfupa wa Kileleshwa. Nilimpenda sana kwenye benchi lile, na nikaapa nitamwambia, na sijamwambia mpaka leo, kwa hiyo akisoma hapa atajua.

Mwelu mwenyewe ndiye aliyekuja kunichukua. Alinishika mkono akaniingiza. Kimanzi alikuwa amelala nusu ameketi, shingo imefungwa bandeji nyeupe, macho anayafungua na kuyafunga. Daktari Prabha alisimama miguuni pake. Alikuwa ametuambia mapema kwamba mishipa ya sauti hupita jirani na tezi ile, na kwamba watajua akishaongea.

Mkono wa mume wangu ukainuka kutoka kwenye shuka. Kidole kikatafuta shingo, kikapanda juu ya bandeji, kikagusa gegedu, kikatulia hapo. Akafungua macho. Hakunitazama mimi. Alimtazama yule msichana.

"Mwelu," akasema. Ilikuwa sauti ndogo, imechakaa, lakini ilikuwa yake. "Nusu yangu."

Mwelu akavua barakoa. Uso wake ulikuwa na alama za kamba mashavuni, na machozi yalikuwa yanafuata alama hizo.

"Hii hapa, Prof," akasema. "Sijaangusha."

Nililia mbele ya watu wote, kwa sauti, kama niko kwetu. Nilipomaliza nikajifuta, nikasogea kitandani, nikamuuliza Baba Musili kama nimletee supu kidogo, na Daktari Prabha akanitazama mpaka nikarudi kuketi.